Kiambishi kipi kifuate mzizi? Viambishi tamati vya Kiingereza vikilinganishwa viwili viwili

Mtu akiandika kwenye barua ya kuomba kazi "I am very interesting in this position", mwajiri ataelewa alichokusudia. Hata hivyo kilichoandikwa ni kingine: mwombaji anajitangaza kuwa yeye ni mtu wa kuvutia sana. Alitakiwa kuandika "interested". Mzizi ni uleule. Kilichomponza ni mwisho wa neno.

Vitabu vya sarufi hutupa orodha ndefu ya viambishi tamati tuikariri: hiki huunda nomino, hiki kivumishi, hiki kielezi. Orodha ina kazi yake, lakini anayeandika hasiti mbele ya viambishi vyote kwa pamoja. Husita baina ya viwili. "Boring" au "bored"? "Economic" au "economical"? "Payer" au "payee"? Ndiyo maana hapa nimeviweka ana kwa ana, nikianza na vinavyogeuza maana kabisa na kumalizia na vile ambavyo ukikosea, kinachoharibika ni tahajia tu.

Kuna jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha darasani: mwenye Kiswahili chake haanzi mikono mitupu. Lugha yetu huunda maneno mwishoni mwa kitenzi kila siku: soma, someka, somesha, someshwa. Anayejua tofauti ya "amechoka" na "anachosha" tayari anayo kichwani tofauti ya "tired" na "tiring". Kinachobaki ni kujua kiambishi gani cha Kiingereza kinabeba kauli ipi.

-ing au -ed

Kanuni iliyozagaa ni kwamba -ing ni ya vitu na -ed ni ya watu. Naomba iachwe. Mwalimu ni mtu, na anaweza kuwa "boring" ikiwa ndiye anayewaboa wanafunzi, au "bored" ikiwa yeye mwenyewe ameboeka. Swali la kujiuliza ni moja: huyu anasababisha hali, au amepatwa na hali? Anayesababisha huchukua -ing, aliyepatwa huchukua -ed.

Igeuze sentensi iwe Kiswahili uone itakavyojipanga:

| Kinachosababisha | | Aliyepatwa | |
|---|---|---|---|
| inachosha | tiring | nimechoka | tired |
| inashangaza | surprising | nimeshangaa | surprised |
| inaridhisha | satisfying | nimeridhika | satisfied |
| inachanganya | confusing | nimechanganyikiwa | confused |
| inavunja moyo | disappointing | nimevunjika moyo | disappointed |
| inavutia | interesting | nimevutiwa | interested |

Mistari mitatu ya mwanzo ina kauli ya kutendesha waziwazi, -sha au -za. Mitatu ya mwisho haina, lakini mwelekeo haubadiliki: upande mmoja jambo linamfanyia mtu kitu, upande wa pili mtu ameshafanyiwa. Ukiishika njia hii, "the results are disappointed" haitakutoka tena, maana hakuna anayesema matokeo yamevunjika moyo.

Kipimo hiki hukwama mahali pamoja. Vipo vitenzi ambavyo -ed yake hutumika kama kawaida, lakini nafasi ya -ing imeshachukuliwa na kiambishi kingine. Aliyeogopa ni "scared", ila filamu ya kutisha ni "scary". Aliyependezwa na kazi yako ni "impressed", ila kazi yenyewe ni "impressive". Aliyefurahi ni "delighted", habari iliyomfurahisha ni "delightful". Mwenye msongo ni "stressed", na kazi inayomsonga ni "stressful"; "this job is stressing" husikika sana midomoni mwetu, lakini katika maandishi rasmi iepuke. Hivi ni vichache na inabidi kuvikariri tu.

-er au -ee

Hapa Kiswahili kinasaidia kuliko mahali pengine popote. Mwajiri na mwajiriwa ni "employer" na "employee". Mtahini na mtahiniwa ni "examiner" na "examinee". Msaili na msailiwa ni "interviewer" na "interviewee". Mtenda huchukua -er, au -or katika maneno mengi ya kisheria. Mtendwa, yule mwenye -wa yetu, huchukua -ee.

Kiambishi -ee kilitoka katika Kifaransa kilichotumika kwenye mahakama za Uingereza baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na hadi leo makazi yake makuu ni sheria, benki na ajira. Kwa hiyo ukikichanganya, unakichanganya kwenye karatasi zenye fedha ndani yake. Kwenye hundi, "payee" ni anayelipwa. Kwenye mkataba wa pango, "lessor" ni mwenye nyumba na "lessee" ni mpangaji.

Jozi inayowapoteza wengi zaidi ni "mortgagor" na "mortgagee", ambayo utaikuta kwenye matangazo ya minada ya nyumba magazetini. Watu hudhani "mortgagee" ni mkopaji, kwa kuwa ndiye aliyepewa fedha. Mambo ni kinyume chake. Kinachotolewa katika neno hilo ni rehani, na fedha haihusiki. Anayetoa nyumba yake iwe rehani ni mkopaji, basi yeye ni "mortgagor". Anayeipokea rehani ni benki, basi benki ndiyo "mortgagee". Tangazo likisema nyumba inauzwa kwa maagizo ya "mortgagee", aliyeagiza ni mkopeshaji. Mwenye nyumba anayesoma tangazo hilo ana haki ya kulijua hilo kabla hajaweka sahihi kitu chochote.

Mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinaweza kukuteleza ni neno mdhamini. Mdhamini wa mkopo ni "guarantor", mtenda, kwa sababu anatoa dhamana. Lakini Bodi ya Wadhamini ni "Board of Trustees", yenye -ee, kwa sababu Kiingereza kinawatazama wajumbe wake kama watu waliokabidhiwa mali ya wengine. Hata "committee", iliyotupa neno kamati, hapo zamani ilimaanisha mtu aliyekabidhiwa jukumu. Kisha wako akina -ee ambao ni watenda kabisa: "attendee" ni mhudhuriaji, "retiree" ni mstaafu, "escapee" ni mfungwa aliyetoroka, "refugee" ni mkimbizi.

Na -er si ya watu peke yao. "Printer", "opener" na "cooker" ni vifaa. Mpishi ni "cook", bila nyongeza yoyote. Ukiandika kwamba mama yako ni "a good cooker" umesema ni jiko zuri.

U- yetu moja, vya kwao sita

Sasa tufike upande ambao Kiswahili hakitoi msaada, na hapa ndipo naona makosa mengi katika insha za watu wanaokijua Kiingereza vizuri tu. Sisi tukitaka jina la hali, u- inatosha: uzuri, utoto, urafiki, ufalme, ukoloni. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo baina ya -ness, -ity, -hood, -ship, -dom na -ism, na kila kimoja kina mpaka wake.

Chukua utoto. Ukimwambia mtu mzima "acha utoto", unalaumu tabia, na tabia ni "childishness". Ukisema "utotoni mwangu tuliishi Tanga", unataja kipindi cha maisha, nacho ni "childhood". Vivyo hivyo urafiki. Muuza duka mchangamfu ana "friendliness" kwa mteja ambaye hajapata kumwona, bila kuwa na "friendship" naye, kwa sababu -ship hutaja uhusiano au cheo: "membership", "leadership". Ufalme nao hugawanyika: cheo cha mfalme ni "kingship", nchi anayoitawala ni "kingdom". Ukoloni kama mfumo ni "colonialism", lakini kile kitendo cha kuitwaa nchi ni "colonisation".

Neno ugumu linanipendeza kama mfano kwa sababu linagawanyika mara tatu. Ugumu wa jiwe ni "hardness". Ugumu wa maisha ni "hardship". Ugumu wa mtihani ni "difficulty". Anayeandika "the hardness of life" ametafsiri Kiswahili chake kwa uaminifu, na bado Mwingereza atashangaa. Umaskini pia: wa watu ni "poverty", na "poorness" hubaki kwa vitu duni, kwa mfano udongo usio na rutuba.

Swali linalobaki ni -ness au -ity. Cha kwanza ni cha Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormani, na kina moyo mkunjufu: karibu kila kivumishi kinakubaliwa. Cha pili kilikuja na Kifaransa na Kilatini, nacho huchagua. Kivumishi kifupi cha kila siku kipe -ness: "kindness", "sadness", "weakness". Kinachoishia na -able, -ible au -al mara nyingi kinataka -ity: "reliability", "possibility", "originality". Vyenye -ous ndivyo wakorofi, kwa kuwa "curious" na "generous" huzaa "curiosity" na "generosity", ilhali "serious" na "nervous" huenda kwa "seriousness" na "nervousness". Ukibanwa na huna kamusi karibu, chagua -ness. Neno litakalotoka laweza kusikika zito, lakini litaeleweka. Jihadhari tu na "enormity", ambayo wahariri wengi wa Kiingereza huitunza kwa maana ya uovu mkubwa. Ukubwa wa jengo au wa kazi uite "size" au "scale".

Viambishi hivi viwili vinatofautiana hata mdomoni. -ness haigusi mkazo wa neno. -ity huuvuta hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: elecTRIcity, aBIlity. Na wenzake wawili, -ic na -tion, huuweka silabi ya pili kutoka mwisho: ecoNOmic, inforMAtion, eduCAtion. Hapo ndipo Kiswahili huweka mkazo wake karibu siku zote, kwa hiyo kwa maneno hayo fuata tu sikio lako la nyumbani. Wasiofuata wapo, kama "politics" na "Arabic".

-ful au -less

Kwa haraka tunasema kimoja ni "wenye" na kingine ni "bila", na mara nyingi inatosha: "harmful" na "harmless", "useful" na "useless", "careful" na "careless". Hiyo -less haitokani na "less" ya upungufu. Ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kukosa kabisa, kwa hiyo dereva "careless" hana uangalifu, wala hatuzungumzii uangalifu uliopungua kidogo.

Tatizo ni kwamba si kila jozi ni kinyume. "Helpful" ni mwenye kusaidia. "Helpless" ni asiyeweza kujisaidia, kama mtoto mchanga. Karani aliyekataa kukusaidia ni "unhelpful". "Pitiful" ni wa kuhurumiwa, "pitiless" ni asiye na huruma. "Shameful" ni kitendo cha aibu, "shameless" ni mtu asiyeona haya, na mtu huyohuyo aweza kustahili yote mawili katika sentensi moja. "Priceless" ni kitu cha thamani isiyo na mfano. Usimwandikie mtu ukidhani umemwambia kitu chake hakina thamani, maana hiyo ni "worthless". Wengine hawana wenza: yupo "homeless", hakuna "homeful", yupo "beautiful", hakuna "beautiless".

Kuhusu herufi: "full" ikiwa neno huru ina l mbili, ikiwa kiambishi ina moja. Ikipata -ly, mbili zinarudi: "careful", "carefully".

-ic au -ical

Mara nyingi desturi imeshakuchagulia kimoja, na hakuna maana ya ziada. Ni "medical" na "public". "Medic" ikiwepo ni mtu, na "publical" haipo. Penye vyote viwili ndipo pa kuangalia.

"Economic" ni cha uchumi: "economic policy", sera ya uchumi. "Economical" ni cha kubana matumizi: gari linalokula mafuta kidogo ni "an economical car". Waziri akiwa na "economical policies" amesifiwa kwa kubana matumizi, na huenda mwandishi hakukusudia hivyo. "Historic" ni kilichoweka historia. "Historical" ni kinachohusu yaliyopita, kikubwa au kidogo. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, ni "a historic day". Jalada la kodi za mwaka huo lililohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa ni "a historical document". Kwa umeme, kifaa kimoja kinachotumia umeme ni "electric", kama "electric kettle", na fani au mfumo kwa ujumla ni "electrical", kama "electrical engineering".

Kielezi hakina mzozo: vyote viwili huishia na -ically, "economically", "historically". "Publicly" ndiyo iliyojitenga.

-ly: kielezi, au sivyo

Ukiweka -ly kwenye kivumishi, kwa kawaida unapata kielezi: "quick", "quickly". Ukiiweka kwenye nomino, unapata kivumishi: "friend", "friendly", "cost", "costly". Kwa hiyo "he spoke friendly" ina kasoro. Sema "in a friendly way".

Hatari kubwa ni "hardly". Anayefanya kazi kwa bidii "works hard", bila -ly. "He hardly works" ina maana kwamba kazi yenyewe haifanyi, au anaigusa kwa shida. Kwenye barua ya kumpendekeza mfanyakazi, herufi hizo mbili zinaweza kumkosesha mtu kazi. "Late" na "lately" nazo ni mbalimbali: ya kwanza ni kuchelewa, ya pili ni siku za karibuni.

Vinavyobishana kwa tahajia tu

-able na -ible zote ni -ika yetu: kinasomeka, "readable"; kinaonekana, "visible". Tofauti ni kwamba -able bado inazaa, unaweza kuipachika kwenye kitenzi kipya leo na wasomaji wakakuelewa, wakati -ible imefungwa na maneno yake. Kifunike kiambishi kwa kidole. Kilichobaki kikiwa neno kamili, elekea -able: "washable", "breakable". Kikiwa kipande tu, elekea -ible: "possible", "terrible". Watoro wapo, kama "probable" na "accessible". Kipimo cha pili ni nomino ya jamaa. Yenye -ation huvuta -able, kama "application" na "applicable". Yenye -sion huvuta -ible, kama "permission" na "permissible". Na e hubaki mbele ya -able baada ya c na g laini, yaani c inayosomwa kama s na g inayosomwa kama j: "noticeable", "manageable".

Kwa -er na -or, kitenzi kinachoishia na -ate ni cha -or karibu daima: "translator", "operator", "investigator". Kinachoishia na -ct mara nyingi pia: "inspector", "contractor", na "conductor", ambaye kwetu ni kondakta. Maneno mengine ya kila siku mengi ni -er. "Adviser" na "advisor" zote zinakubalika.

-ise au -ize isikunyime usingizi. Marekani ni -ize. Uingereza wengi ni -ise, na shule zetu za Afrika Mashariki zimefuata huko, ingawa Oxford University Press hutumia -ize na Umoja wa Mataifa vilevile. Chagua moja na uishike kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hata hivyo, ukichagua z, usiipeleke kwenye "advertise", "exercise", "supervise", "surprise" na "compromise". Hayo ni s kila mahali, Marekani ikiwemo. "Seize" na "capsize" nazo ni z daima. Na majina ya taasisi hubaki kama yalivyosajiliwa: aliyechagua "organisation" katika ripoti yake yote bado ataandika World Health Organization kwa z.